Shamba Langu Limehamia kwa Leonardi

Kwa Bwana Afisa Kilimo wa Kata.

Mwanangu, marahaba. Najua ungekuwapo ungeniamkia.

Mimi ni yule mzee wa darasa la nne, mwenye shamba huku mlimani juu ya Mwandiga, juu ya shamba la Leonardi. Nasema juu kwa mazoea tu. Shamba lenyewe sasa liko kwa Leonardi, mimi nimebaki na mawe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulipotuagiza tuchimbe makinga maji, ile mitaro ya kukatiza mteremko, Leonardi alichimba. Mimi nililima matuta ya kuteremka, maana jembe likitazama bondeni hujivuta lenyewe, na mgongo wangu si wa serikali. Masika yakaja, udongo wangu wote ukashuka ukalala kwenye makinga ya Leonardi. Huo ni mtego, na aliyemfundisha kutega ni wewe.

2. Mgomba aliopanda marehemu mke wangu Honorata nao umeteremka, wima kama bibi harusi. Kwangu ulikuwa unazaa vidole vya mtoto. Huko umezaa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Nilipoufuata, Leonardi akanipa kigoda, akasema mgeni aliyekuja kwa miguu yake hafukuzwi. Nikaketi, nikatafuna maharage yake, yaani yangu. Ndizi nitamsamehe. Ila kuamka nisiuone ule mgomba, sijazoea.

3. Udongo uliomshinda Leonardi umeingia mto Luiche, na Luiche humwaga ziwani. Kumbe wavuvi wa dagaa wanavua juu ya shamba langu bila hata hodi. Sahani ya fungu langu la dagaa nimeshaiosha.

Kwa hiyo naomba itamkwe rasmi kwamba shamba ni udongo, si mahali. Udongo ukihama, mwenyewe aufuate na jembe lake. Leonardi apande huku kwenye mawe. Ni mtu wa bidii, atayaweza. Ikishindikana, basi mlima ulazwe kidogo.

Wasalimie nyumbani kwako, na mwenyekiti, na Leonardi pia, ila haya usimwambie kabla hajanikatia mkungu.

Ni mimi mwenye mawe,
Gasper

N.B. Kabla sijafunga bahasha mvua imenyesha. Kipande cha shamba la Melania, aliye juu yangu, kimeshuka na mihogo yake kikatua kwangu. Nasikia anatafuta kalamu. Akikuandikia, mwambie shamba ni mahali. Na kesho njoo unionyeshe hayo makinga yanachimbwaje, kabla mihogo haijaendelea na safari kwa Leonardi.