Makinda Watatu na Kiti cha Msimamizi

Jumatatu, 4 Machi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu membamba, kibaridi cha kuudhi.

Habari kubwa kazini. Msimamizi wa chumba cha kushonea ameachishwa. Ulimi wake! Alikuwa akiwasuta mafundi mpaka cherehani zinaona haya. Bosi, mama mwenye karakana, ametukusanya katikati ya marundo ya sare za shule akasema Ijumaa atachagua msimamizi mpya miongoni mwetu. Ufundi tunao sote, akasema. Safari hii anatafuta mtu mwenye huruma.

Huruma! Nikageuka. Kila mtu alikuwa anamtazama Sindano.

Sindano tumempa jina hilo kwa wembamba wake. Hukaa mashine inayotazamana na yangu. Hugawa chai yake. Huulizia wagonjwa. Akikosolewa husema asante. Mimi pia ninayo huruma, tena nyingi, ila haijapata nafasi ya kuonekana.

Nafasi ikaanguka yenyewe. Tulipotoka kunywa chai nikamwona chini ya mti ulio karibu na dirisha letu: kinda la ndege, jeusi, mkia haujatimia, linarukaruka kwenye majani makavu na kulia. Yatima! Nikamwinamia. Sindano akaniambia kwa ile sauti yake ya pamba nimwache, dada, mama yake yuko juu ya waya anatutazama.

Nilishtuka. Mtu anasifiwa huruma mji mzima, kumbe moyo wa jiwe! Nikamwokota palepale. Bosi alikuwa anapita, kwa hiyo nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba mimi siwezi kumruka yatima. Bosi akasimama. Akatabasamu. Akasema nina moyo.

Sindano alikuwa anatazama waya.

Nimekuja na kinda nyumbani ndani ya boksi la viatu, nimemtandikia vipande vya flana. Kumrudisha haiwezekani tena, nimeshamshika. Kila mtu anajua kwamba ndege akisikia harufu ya mtu kwa mwanawe humkataa. Nimempa mkate uliolowekwa maziwa. Hafungui mdomo. Wifi, dada wa mume wangu, aliyekuja kutusalimia mwaka jana na bado anatusalimia, amemchungulia akasema anafanana na karani aliyestaafu kwa hasira.

Jumanne, 5 Machi. Jua kali mapema. Upepo hakuna.

Sikuamini macho yangu. Makinda wengine wawili chini ya mti uleule! Mmoja kwenye majani, mmoja kwenye ukingo wa mfereji. Ni wazazi wa namna gani hawa? Watoto wanamwagika kutoka nyumbani kama punje kutoka gunia lililotoboka, na hakuna anayejali! Nikawachukua wote. Walikimbia, wakanipa kazi. Maskini, hofu ya uyatima.

Sasa ninao watatu. Nimewawekea boksi chini ya meza yangu ya kushonea na kuwashonea kiota kwa kile kitambaa kigumu kinachowekwa ndani ya kola. Mshono mara mbili. Kiota chenye kola bora kuliko ya mkuu wa shule.

Bosi alikuja kuwatazama na wageni wake. Akawaambia, huyu fundi wangu ana moyo. Hiyo ni mara ya pili. Nikamtupia jicho Sindano. Alikuwa ameinamia kifungo.

Halafu balaa. Bosi alipotoka nje kuwasindikiza wageni, ndege wawili wakubwa, weusi, mkia umechanuka kama mkasi, walishuka kutoka mtini kama mawe. Mmoja alimgonga bosi utosini! Kilemba kikaanguka. Wageni wakakimbilia gari. Mimi nilibaki mdomo wazi mlangoni, sindano tatu mdomoni, ni bahati sikuzimeza.

Bosi akarudi, kilemba mkononi, akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa ndege, hao ni nini. Mtaalamu! Ningesema sijui? Nikamwambia kwamba hao ni majambazi. Ni jozi ya kutoka kwingine, wanavamia viota vya wenzao na kutupa watoto wa watu chini. Ndio walioleta uyatima huu wote. Lilinitoka bila kupanga, na lilipokwisha kutoka nikaliona linapendeza.

Bosi aliguswa. Akamwita mlinzi akamwagiza Alhamisi asubuhi achukue ufito mrefu, aangushe kiota kilichopo, kisha awapige mawe majambazi wale mpaka wahame.

Sindano alisimama, akataka kusema jambo. Nikawasha cherehani.

Jumatano, 6 Machi. Mawingu asubuhi, fukuto.

Siku mbaya. Naandika ili nisifikirie.

Mdogo wao, yule wa kwanza, aliamka amefumba macho na manyoya yamesimama. Jana nilimnywesha maji kwa kidude cha dawa ya macho. Yalitokea puani. Nilidhani ndiyo namna yao ya kunywa.

Nilimwita wifi. Akaacha kutafuna. Huyu wifi akiacha kutafuna ujue mambo ni mazito. Akasema, "Wifi, huyu anatuaga. Piga simu kwa mtu anayejua."

Nikampigia daktari wa mifugo. Nilianza kumweleza jinsi nilivyookoa yatima watatu, akanikatiza. Wana manyoya? Wanayo. Walikuwa wanarukaruka? Sana. Uliwaona ndege wakubwa karibu? Nikasema wawili, majambazi.

Kisha akasema, "Mama, hukuwaokoa. Umewateka."

Nilikaa kitako sakafuni. Daktari akaendelea, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu. Kinda mwenye manyoya hakuanguka, ametoka kiotani mwenyewe. Hukaa chini siku kadhaa akijifunza kuruka, wazazi wakimletea wadudu. Angekuwa uchi, bila manyoya, hapo ndipo ungemrudisha kiotani. Mwenye manyoya asipokuwa hatarini haguswi. Akiwa barabarani unamsogeza kichakani, basi. Nikamuuliza, na harufu ya mkono? Akacheka. Ndege hamkatai mwanawe kwa harufu, mama. Mkate na maziwa je? Hakucheka tena. Maji mdomoni je? Akaniambia nimlete mgonjwa sasa hivi, nimfunike apate joto, nisimpe chochote, chochote kabisa, na wale wawili niwarudishe leo walipotoka.

Nimempeleka nikiwa nimemweka kifuani, nimefunga kanga juu. Moyo wake ulikuwa unadunda kama cherehani isiyokuwa na uzi. Njia nzima sikufikiria kiti cha msimamizi. Karibu njia nzima.

Daktari amembakiza. Hakuahidi.

Nilirudi karakana, nikawaweka wale wawili kwenye vichaka chini ya mti huku kila mtu ameinamia kazi. Nikaingia ndani haraka, nikachungulia dirishani. Majambazi wakashuka. Mmoja alikuwa na kiwavi mdomoni. Kinda akafungua mdomo, ule mdomo alionifungia mimi tangu jana, ukawa mpana kama mfuko wa suruali.

Wazazi! Nimewasingizia wazazi mbele ya bosi, na kesho watapigwa mawe wakiwa wanawalisha watoto wao.

Nikisema kweli, kiti kimekwenda. Nikinyamaza, makinda watakufa njaa, na safari hii watakuwa yatima wa kweli, kwa mkono wangu. Mtu atalalaje?

Lakini nimepata mpango. Nitawahi. Nitamzuia mlinzi kimyakimya, bosi akija nitamwambia majambazi wametubu.

Alhamisi, 7 Machi. Umande mzito. Anga safi kabisa, aibu yote ikaonekana vizuri.

Niliwahi. Mlinzi alikuwa amewahi zaidi. Amesimama chini ya mti na ufito wake, mawe yamepangwa safi pembeni kama machungwa sokoni. Nikamwambia agizo limebadilika. Akauliza limebadilishwa na nani. Nikasema na mazingira. Akasema yeye halipwi na mazingira.

Nikashika ufito. Akauvuta. Nikauvuta. Hapo wale ndege wakanitambua. Si yeye, mimi! Walimruka mlinzi mzimamzima wakanishukia mimi, mmoja sikioni, mmoja kisogoni. Nikaokota ndoo ya kudekia iliyokuwa mlangoni, nikajivika kichwani, mkono mmoja bado uko kwenye ufito. Gonga! Gonga! Ndani ya ndoo ilisikika kama mvua ya mawe kwenye bati. Maji machafu yaliyobaki yakanitiririka shingoni.

Bosi akaingia langoni.

Sikumwona, niliona viatu vyake tu chini ya ukingo wa ndoo. Viatu vyekundu. Vikasimama. Karibu yake vikasimama viatu vya kitambaa vya Sindano.

Bosi akauliza kuna nini. Mlinzi akasema ayaulize mazingira. Mimi nikaanza, ndani ya ndoo, kueleza habari ya toba ya majambazi. Sauti ilikuwa inarudi masikioni mwangu mwenyewe na nikaisikia ilivyo. Nikavua ndoo.

Nikasema, "Mama, nilidanganya. Hao ndio wazazi. Niliwachukulia watoto wao."

Sijui ilitoka wapi. Nilishtuka kuliko bosi.

Halafu jike akashuka mbele yetu sote, akaingia kichakani, tukasikia kelele za kugombania chakula. Bosi akachuchumaa, viatu vyekundu vikaingia matopeni. Akawatazama muda mrefu. Mkono wake ulikuwa utosini, pale alipogongwa. Akasema taratibu kwamba hata yeye angemgonga mtu.

Akageuka kwa Sindano akamuuliza kama alijua. Sindano akasema alijua. Akaulizwa kwa nini hakusema. Sindano akanitazama, akasema alikwishasema, ila palikuwa na kelele za cherehani.

Angeweza kuniteketeza pale. Hakunichoma hata kidogo! Mtu wa hatari sana huyu.

Ijumaa, 8 Machi. Jua, upepo mzuri wa kukausha nguo.

Msimamizi ni Sindano.

Nimepigwa na butwaa. Nilidhani kukiri kungehesabika. Nilipiga makofi kuliko wote, mpaka wifi jioni akaniuliza viganja vimefanya nini. Kazi yake ya kwanza kama msimamizi, Sindano amehamisha meza yangu kutoka dirishani. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akasema ni kwa usalama wangu, dada, kwa sababu wale ndege wakiniona tu kupitia kioo wanakuja kukigonga. Ni kweli. Wanampita mlinzi, wanampita bosi, wanawapita wanafunzi wanaokuja kupimwa sare. Mimi tu. Natoka na kuingia na ndoo kichwani. Mafundi wameanza kunisalimia kwa kugonga meza.

Daktari amepiga simu. Mgonjwa amefungua macho! Anakula, anafoka. Nilikwenda mbio. Tumemrudisha pamoja, daktari mbele, mimi nyuma ndani ya ndoo. Tulimweka kichakani tukajificha. Baba yake akaja na panzi. Akamtazama. Akamlisha.

Nililia, na ndani ya ndoo kilio kinakuwa kikubwa. Daktari akanisubiri nimalize, akaniomba kitu kimoja tu: nikiona tena mnyama mdogo peke yake, kwanza nisimame mbali, nitazame, niulize. Nikamwahidi. Nilikuwa namaanisha.

Jumamosi, 9 Machi. Mawingu yamerudi. Mvua fupi adhuhuri, kisha jua.

Nimekaa na kuyapima mambo kwa utulivu. Fundisho nimelipata. Kosa langu lilikuwa kuchagua ndege. Ndege hawana shukrani; asante yao ni mdomo. Tena bosi amesema anatafuta mtu wa kuangalia ustawi wa mafundi, mtu wa moyo. Kwa hiyo jambo halijaisha.

Nilipotoka dukani kununua uzi nikakuta, pembeni ya barabara, nyuma ya duka la seremala, mwanambuzi. Mdogo! Peke yake! Analia sauti ya kupasua moyo, na watu wanapita tu. Nikakumbuka ahadi yangu. Nikasimama mbali. Nikatazama. Nikajiuliza, na nikajijibu hana mama. Nilipomkaribia ndipo nikaona jambo lililonitoa machozi: mtu amemfunga kamba shingoni, na ncha ya pili ameifunga kwenye mti ili asiweze kukimbia. Ukatili gani huu! Nikatoa mkasi wangu wa kazi, nikaikata.

Nimemleta. Amekula pazia la jikoni na nusu ya kanga ya wifi. Wifi amemtazama, akanitazama, akaitazama kamba iliyoning'inia, akasema, "Wifi, huyu ana mwenyewe." Nikamwambia huo ndio ule moyo wa Sindano. Akaenda kufungasha. Nimefurahi kidogo, ila amesema atafungasha taratibu.

Jumatatu nitaingia naye kazini kabla bosi hajafika, nimemvika kola.

Tangu magharibi kuna mwanamume anapita mlango kwa mlango, anafoka, anauliza jambo. Nadhani ni seremala. Nimezima taa ili asisumbuke kuja huku. Mwanambuzi naye anamjibu kila akiita. Watoto wa siku hizi hawajui kunyamaza.

Sasa anagonga kwetu. Wifi amekwenda kufungua. Kwa yeyote atakayeuliza, nimelala tangu saa nne na robo.