Jiwe la Leokadia Lapakwa Mafuta

Jumatano, 7 Septemba 1994
Jiwe letu la mtoni linaingia kwenye vitabu vya chuo kikuu. Binti yangu Leokadia kanieleza kabla hata ya shikamoo. Januari alilipiga picha mbilimbili, kamera akiisogeza upande kidogo, kaliinamia kama anatafuta chawa. Picha mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha vilima na mabonde ya jiwe, hata ya kimo cha punje ya mchele. Ijumaa anapiga tena, ajue maji ya masika yamelikwangua kiasi gani. Jumatatu mwalimu wake anakuja kukagua. Bila picha za pili, hakuna digrii.

Sikuelewa yote. Nimemweleza jirani yangu Mwamvita yote. Tangu mwanawe Mikidadi aanze kuuza mitumba mjini hatupumui kwa majigambo yake. Akauliza, kwani jiwe limeomba picha?

Alhamisi, 8 Septemba
Leokadia kashuka Morogoro kununua filamu. Nimekwenda kulitazama jiwe. Aibu. Ukoga, vumbi, mavi ya ndege. Mtoto hapelekwi studio na makamasi. Nimelisugua kwa mchanga na brashi ya waya mpaka adhuhuri, nikalipaka mafuta ya nazi. Linang'aa kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Ijumaa, 9 Septemba
Hata kuandika naona haya. Leokadia aliweka rula juu ya jiwe. Akauliza nani kaligusa. Nikasema mvua. Kiangazi hiki. Akanusa kidole. Mafuta yangu ya nywele.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa chini, akasema ule ukwaruzo ndio aliokuja kuupima, na mama yake kaufuta asubuhi moja. Mwamvita alikuwa anafua palepale. Akasema, shoga, hata Mikidadi hapigi pasi mawe. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Jioni Leokadia kakumbuka: Januari alipiga na jiwe la akiba, lile la kwenye migomba. Atalipiga Jumatatu, mwalimu akiona. Kaniapisha kwa rozari nisiliguse. Nimeapa nikilia.

Jumamosi, 10 Septemba
Nimelitazama kwa mbali. Chafu kuliko la kwanza. Lakini kiapo ni kiapo, siligusi. Atalisugua Mwamvita. Alikataa mpaka nilipomwahidi atatokea pichani. Na mafuta basi, nimejifunza. Safari hii chokaa, kama mawe ya pale misheni. Kwaya nimeialika, na ukoo wote wa juu mlimani. Waje Jumatatu.