Mahindi ya Bluu, Yasiguswe

Jumatatu, 14 Julai

Balaa. Mwalimu Stumai wa chekechea katuma ujumbe kwenye grupu la wazazi. Jumamosi ni siku ya familia. Kila nyumba ilete vitu viwili vilivyotengenezwa nyumbani: cha kuchezea kwa mikono na cha kula. Halafu kila mtoto atapita mbele akiwa amemshika mkono mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Mmoja!

Nilimuuliza Irine kijanja, namfunga viatu, atamshika nani. Anko Sadock. Hakufikiri hata kidogo. Binti yangu wa kumzaa, miaka minne.

Sadock ni mdogo wake mke wangu, tunaishi naye. Hana mke, hana kiwanja. Kazi yake kutengeneza simu stendi na kumbeba Irine mgongoni. Mimi nilianza na kalibu moja ya kufyatulia tofali, tena ya kuazima. Leo nina yadi yangu ya tofali. Hakuna aliyenibeba mgongoni.

Nimehesabu. Toka chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni, Irine kamtaja Sadock mara kumi na nne. Mimi mara tatu. Mbili kati ya hizo: "Baba kakataa."

Jumanne, 15 Julai

Nimeamua. Nitatengeneza vitu ambavyo Same nzima haijaviona, mtoto ajue mwenyewe nani anafaa kushikwa mkono.

Sadock anafinyanga udongo wa unga wa ngano na chumvi, kauona kwenye simu. Wa pinki. Alipogeuka niliubonyeza. Laini kweli. Nikaubonyeza tena.

Mpango wangu: beseni. Mtoto anazamisha mikono, anachota, anamimina. Mahindi yaliyokobolewa kilo nne, nitayatia rangi ya bluu. Maharage mekundu kilo mbili. Mbili kwa moja. Uwiano ndio kila kitu, iwe tofali au beseni.

Mke wangu Ernesta kauliza rangi natoa wapi. Nikamwambia stoo kuna ile ya sakafu imebaki. Aliniangalia tu mpaka nikaenda dukani kununua ya chakula.

Jumatano, 16 Julai

Vichupa sita vya rangi, vijiko vinane vya siki ili rangi ishike. Mahindi nimeyaanika yadini kwenye turubai. Upepo wa Same huu! Nimeyalinda toka saa nne mpaka saa kumi, jiwe kila pembe, fimbo mkononi kwa ajili ya kuku. Tofali zilizofyatuliwa leo: sifuri. Filipo, fundi wangu, kauliza kama bosi kahamia kilimo. Wenzake wakacheka. Nimeandika majina yao.

Irine katoka shule anataka kuingiza mikono. Nikamwambia asubiri, haya ni ya maonyesho. Moja kwa moja kwa Sadock, kufinyanga. Unaona? Kijana anamvuta mtoto wa watu kwa unga!

Alhamisi, 17 Julai

Kashata. Karanga vikombe vitatu, sukari vitatu. Nikaongeza cha nne, kwa uimara. Nikamwaga kwenye kalibu mpya ya tofali ndogo.

Zilishika. Kisu kikapinda. Nikachukua msumeno wa chuma, nikapata vipande ishirini na nne, vyote sawasawa. Ernesta anasema hizo si kashata, ni msingi wa nyumba. Sadock alionja kimoja, akakaa ameshika shavu. Nikapata ahueni kidogo.

Irine aliomba kumimina karanga. Nilikataa. Angeniharibia vipimo.

Ijumaa, 18 Julai

Mama mkwe, Bibi Hedwiga, kashuka kutoka Bombo, huko milimani, kumwona mjukuu. Shikamoo mama, marahaba baba, mkungu wa ndizi. Macho yake hayaoni vizuri toka mwaka juzi.

Nimechanganya mahindi na maharage. Beseni nimelificha jiko la nje, upepo usilifikie, na ungo juu. Nimemwonya kila mtu lisiguswe. Ernesta, mmoja. Sadock, wawili. Irine, watatu (mara tano). Hesabu imetimia. Mbona roho haitulii?

Jumamosi, 19 Julai

KAPIKA!

Bibi kaamka saa kumi alfajiri, kakuta mahindi na maharage kwenye beseni moja. Sisi Wapare. Nani angeuliza? Kayainjika makande. Yalimnukia siki, akasema mahindi ya mjini yamechacha, akaongeza maziwa. Saa moja nafunua sufuria: bluu kama sare za shule.

Mama mkwe hakaripiwi. Nikasema asante mama. Akauliza, "Mkwe, mbona huli?" Nikala. Akaniongeza. Nilikimbilia stoo kuangalia kopo la rangi ya sakafu. Halijaguswa. Nikapumua.

Irine aliamka na bibi yake, wakachambua na kuosha pamoja. Mikono ya bluu mpaka viwikoni! Kumbe aliomba vikombe viwili visipikwe.

Tukaenda na sufuria, kashata na hivyo vikombe viwili kwenye ungo. Nilitaka kujificha. Bibi akakaa mkekani, Irine pembeni yake, wakaendelea kuchambua: mahindi huku, maharage kule. Watoto wakajaa. Wako thelathini na mmoja, kumi na tisa walikuwa kwenye ungo wetu. Kwenye udongo wa Sadock, wanne, na mmoja alikuwa ameumeza akilia chumvi. Makande yaliisha. Ndimi zote za bluu. Kashata zimerudi ishirini na tatu.

Wakamwita Irine. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeusugua mara mbili kutoa saruji. Sadock naye kanyoosha wake. Mtoto akapita katikati yetu kama anapita nguzo za geti, akaenda kumshika Bibi.

Sadock akacheka, eti, "Shemeji, tumepigwa wote!" Nilipiga makofi mara kumi na moja. Sitaki kusema zaidi.

Njiani nikamuuliza Irine kwa nini Bibi. Akasema Bibi kamwacha ashike mahindi. Watoto bwana. Unauliza hiki, anajibu kile.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nimekaa na daftari. Kosa nimelipata: beseni halikuwa na kufuli.

Mwalimu Stumai kasema siku ya familia itarudiwa mwezi wa kumi na moja. Safari hii kilo nane kwa nne. Mfuniko wa bati, bawaba mbili, kufuli, ufunguo shingoni kwangu. Na nitapika makande ya kawaida, sufuria kubwa, kumzuga Bibi.

Nimeshaanza kupima. Irine yuko mlangoni na kikombe chake, mikono bado ya bluu. Anauliza kama anaweza kumimina. Nimemwambia asubiri kwanza, Baba yuko kwenye hesabu.