Wimbo wa Kwanza, Upande A

Mwaka ule soko huria lilipoingia Songea, kila mwenye brifkesi aliitwa mfanyabiashara, na Edmund alikuwa na brifkesi mbili. Zote tupu. Siku moja akipita mtaa wa Mjimwema alisikia magitaa yakilia nyuma ya nyumba, akasimama. Si kwamba aliupenda muziki. Bwana huyu hakuwahi kusikiliza wimbo hata mmoja ukaisha. Alichokiona ni vijana wanne wenye nyimbo nane na hawana meneja.

"Albamu ya kwanza, na mfadhili hamna?" akamwuliza Lidwina, mwimbaji na mpiga gitaa la solo wao. "Basi Mungu amenileta. Watu wazito watatoa vitu, ninyi mtawataja majina. Kanda nitaipeleka Dar mwenyewe."

Wiki hiyohiyo Mzee Hironimus mwenye mashine ya kusaga alitoa baiskeli mpya, ili atajwe katika wimbo wa kwanza, upande A. Mama Aurelia wa hotelini alitoa redio, naye kwa wimbo wa kwanza, upande A. Muhsini, mchuuzi wa kutoka Tunduru, akatoa gunia la korosho. Unajua kwa wimbo gani. Tusimlaumu sana Edmund: wapenda sifa mjini ni wengi, na upande A ni mmoja.

Ila Mzee Hironimus hakuwa na subira. Alifika mazoezini akamkuta Mama Aurelia ameketi.

"Shikamoo babu," Lidwina akasema.

"Marahaba. Nimekuja kusikia wimbo wangu, ule wa kwanza."

Mama Aurelia akageuka polepole. "Wako?"

Lidwina aliona uchungu. Edmund akitoroka, watakaoitwa wezi ni wao wanne, na nani atanunua albamu ya wezi? Akawasihi wazee wale wanyamaze mpaka Jumatatu, siku ya Edmund kusafiri Dar.

Jumamosi bendi ilirekodi katika ukumbi wa parokia, kwa redio-kaseti ya kuazima. Lidwina akaficha kanda moja, nakala akampa Edmund.

"Meneja, isikilize kwanza. Tafadhali."

"Binti, mimi muziki naujua kwa harufu."

Jumatatu asubuhi Edmund alikuwa ndani ya basi la Dar, na baiskeli, redio na korosho juu ya keria. Alijisikia mkubwa hata akampa dereva kanda. "Weka hiyo. Albamu yangu."

Gitaa lilianza taratibu, tamu kweli. Abiria wakatikisa vichwa. Kisha Lidwina akaimba:

*Edmund wa kofia ya kahawia, brifkesi mbili mkononi,*
*baiskeli ni ya Hironimus, redio ni ya Aurelia,*
*korosho ni za Muhsini. Dereva, tazama kiooni.*

Dereva akatazama. Walikuwa hawajaupita hata mtaa wa Mshangano, pembeni mwa mji.

"Huyo ni Edmund mwingine," Edmund akasema, akivua kofia. Utingo alikuwa ameshapanda kwenye keria kushusha mizigo.

Alirudi mjini akisukuma baiskeli yenye gunia, redio shingoni, akisindikizwa na wakulima waliokuwa wakienda shamba na majembe yao. Kanda dereva alikataa kuirudisha. Mwezi haukuisha, kila basi la njia ile lilitaka yake.

Jumatatu ileile, kwenye mashine ya kusaga, Lidwina aliweka kanda ile aliyoificha.

"Rudisha pale nilipotajwa," Mzee Hironimus akasema.

"Umetajwa kabla yangu," Mama Aurelia akanuna.

Edmund alikuwa ameketi juu ya gunia, akisubiri polisi. Kati ya wote walioahidiwa kuanza upande A, aliyeanza ni yeye. Akausikiliza wimbo mpaka ukaisha.