Marahaba Iliyoingia Kwenye Albamu

Jumatatu, 4 Agosti

Bendi yetu ya Misumari imeingia studio. Albamu ya saba! Bendi tulizoanza nazo zimekufa zote, sie tunapiga muziki wa panki mpaka leo, na mie nina wajukuu. Studio ni ya Editha, nyuma ya soko la Tandale. Kazi yake hasa ni muziki wa singeli, ila kelele anazijua. Nimetunga wimbo mkali kuliko zote, "Simsalimii Mtu", nao ndio utafungua albamu. Khalfani wa besi alitaka wake utangulie kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu. Kanizidi miezi miwili! Tangu utotoni, mtaani Keko, anataka nimwamkie. Hanipati.

Jumanne, 5 Agosti

Tumeurekodi. Wote pamoja, chumba kimoja, kama zamani. Albano alipiga dramu mpaka ngozi ikachanika. Mie nilipiga kelele mpaka nikaona nyota. Najivunia, sifichi.

Kisha Editha akatusikilizisha. Katikati, mara tu baada ya kufoka kwamba asinisalimie mtu, inasikika sauti yangu, ya upole kabisa: marahaba mwanangu, mama hajambo?

Ni Jenipher, binti anayetuletea chai. Alifungua mlango, akaniamkia kama alivyolelewa, nikaitikia bila kujua. Shikamoo yake haikunaswa. Marahaba yangu imenaswa yote. Khalfani alicheka hadi akalala juu ya spika.

Nikataka ifutwe. Editha akasema imeingia kwenye maiki za dramu, kuifuta ni kumfuta na Albano. Albano akasema hajawahi kupiga vile maishani. Basi mji mzima utajua kwamba mie Marijani, mkali wa Misumari, nimekuwa babu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu: turudie wimbo, mlango kwa kufuli. Jenipher nimemwonya asiniamkie tena, hata tukikutana njiani. Ngozi mpya ya dramu imefungwa. Tumerudia na kurudia, wimbo umepoa kama kiporo. Albano anapiga kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Mara hodi ya kweli. Bi Adelina, mama yake Jenipher, na majirani wawili. Wamekuja kuuliza, kwa adabu, binti yao amenikosea nini hata nikakataa salamu yake. Nikaeleza kwamba ni mambo ya sanaa. Bi Adelina akasema sanaa anaiheshimu, lakini shikamoo ya mtoto haikataliwi. Nikaomba radhi mbele ya bendi yangu mwenyewe. Khalfani akachomekea kwamba hata yeye namnyimaga shikamoo. Mnafiki.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumewaonjesha watu albamu kwenye spika, ukumbi mdogo Temeke. Wimbo umebaki ule ule wa kwanza, wenye aibu. Mbinu ya mwisho: nisimame na maiki, ikifika pale nikohoe kwa nguvu, isisikike.

Ukumbi ulijaa. Vijana wenye nywele za miiba, wazee wenzetu wenye magoti mabovu, Jenipher na mama yake mbele kabisa. Pakakaribia. Nikavuta pumzi nikohoe. Jenipher akasimama, akaniamkia kwa sauti.

Ningekohoaje? Nimelelewa. Nikaitikia, na marahaba yangu ya kwenye spika ikaitikia pamoja nami. Watu wakalipuka. Wakataka urudiwe, na safari hii ukumbi mzima ukaniamkia. Mabati ya paa yalitetemeka. Kijana mmoja mwenye pini shavuni alikuwa analia. Na mie nililia. Miaka yote nimetaka watu waniogope, na sijawahi kuwa na fahari kama ya jana.

Jumapili, 17 Agosti

Hiyo ya juu nimeimalizia leo asubuhi, jana nilisinzia na kalamu mkononi. Simu haitulii. Kila anayepiga anaanza na shikamoo. Nawaeleza ukweli, kwamba ile marahaba niliipanga tangu mwanzo. Mke wangu Somoe amenitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Albamu ya nane nimeshaianza. Kesho Khalfani atanijaribia maiki, na neno la kujaribia nimemchagulia mie: shikamoo. Editha atakuwa anarekodi kimyakimya. Hatimaye ataniamkia, na dunia itasikia! Amekubali upesi, maskini. Ameomba tu nitangulie mie kumwonyesha linavyotakiwa litamkwe. Nimemwambia haina shida.