Mzee Samahani na Vyumba vya Juu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Vyumba vya juu viko wazi! Mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa huko kahamia kwa mwanawe. Vyumba vitatu. Roshani. Maji ya bomba humo humo ndani. Nimeona kwa macho yangu, nimefungua bomba, yametoka.

Sisi hapa chini tumebanana watano: mimi, mama watoto, mabinti wawili na mama mkwe, ambaye kitanda chake kinaanza pale meza yangu ya ufundi inapoishia. Mimi ni fundi feni na pasi. Jana nimekuta soksi ya mama mkwe ndani ya feni ya mteja. Yeye anasema feni ndiyo iliyoifuata soksi.

Leo mama watoto kanipa neno la mwisho. Tukivikosa vile vyumba, anachukua watoto na mama yake wanakwenda kukaa kwa dada yake. Kasema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Nimemwambia atulie, mume yupo.

Kuna tatizo moja tu. Waingereza nao wanavitaka.

Walihamia mwaka jana kile chumba cha karibu na ngazi. Mume alikuwa mpeleka barua huko kwao, sasa kastaafu. Tunamwita Mzee Samahani. Ukimkanyaga, anaomba samahani yeye. Mkewe ni Mama Kofia, na hilo halihitaji maelezo. Wanasema wamekuja kwa sababu kwao ni baridi na pensheni haifiki popote. Kama vile huku pensheni inazaa!

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa kinyozi, mwenye chumba cha mbele humu humu, kuamsha umma.

Nikaanza taratibu. Nikasema hawa wahamiaji tukiwachekea watatumalizia nyumba. Wateja wakatikisa vichwa, mmoja akakatwa sikio kidogo. Nikaona moto umeshika. Nikaongeza kwamba hawachangamani na watu, wanakaa wenyewe kwa wenyewe. Kinyozi akauliza: wako wawili, tena mtu na mkewe, sasa ulitaka wakae vipi?

Nikabadilisha njia. Nikasema hawataki kujifunza lugha yetu. Hapo hapo, kama aliyetumwa, Mzee Samahani akachungulia mlangoni. Akatusalimu mmoja mmoja. Akamuuliza kinyozi goti linaendeleaje, na yule mtoto wa dada yake, je, kashapata kazi? Akaomba samahani kwa kutukatiza, akaenda zake.

Nikasema lafudhi yake mbovu.

Kinyozi akajibu kwamba mwenye lafudhi mbovu angalau anamuulizia hali, kuliko mwenye lafudhi nzuri aliyekaa na mashine yake ya kunyolea tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Sioni mashine inahusikaje hapa. Tulikuwa tunazungumzia mustakabali wa taifa.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata! Sijui kichwa hiki Mungu alikiweka kwangu kwa sababu gani.

Nimekwenda kwa mama mwenye nyumba. Ni mtu wa utaratibu, anapenda kanuni kuliko chai. Nikamwambia, mama, nyumba yenye heshima haiwezi kumpa vyumba mtu yeyote anayepita njia. Anayevitaka alete wadhamini watatu, majirani wa humu humu, wasimame koridoni na waseme kwa midomo yao kwamba huyu ni jirani mwema. Anayelala chumba kimoja nawe hahesabiki.

Mgeni atawatoa wapi wadhamini watatu? Ndiyo maana ya mgeni!

Mama mwenye nyumba akavua miwani. Kisha akasema miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kumletea neno la maana hadi leo. Akauliza kama kanuni hiyo nami naikubali. Nikacheka. Nikasema tena kwa mikono miwili. Kasema Jumamosi tukutane koridoni, watu wote.

Nimetoka kichwa kimevimba, nikajigonga kwenye fremu ya mlango. Mzee Samahani alikuwa akipita. Kaniomba samahani.

Alhamisi, tarehe 6

Siku mbaya. Watu wa nyumba hii hawana utu.

Nimeanza na bibi wa chumba cha pembeni. Mwanamke mpole, nikajua kwake nimemaliza. Akasema atanidhamini siku feni yake itakapompulizia yeye. Tangu niitengeneze inapuliza ukutani. Nikamweleza kitaalamu kwamba upepo ukigonga ukuta unarudi. Akasema anausubiri, haujarudi.

Kisha mshona nguo. Pasi yake, niliyoitengeneza kwa moyo mmoja, iliunguza gauni la bibi harusi. Sehemu ya nyuma tu! Kanifungia dirisha nikiwa katikati ya salamu.

Kinyozi akasema mashine kwanza, udhamini baadaye.

Wote wamenitolea nje. Na nikirudi ninamwona nani uani? Mama Kofia, kashika ncha ya shuka, bibi kashika ncha nyingine, wanalikamua huku wanacheka. Shuka moja, dakika ngapi! Nimewatazama hadi nikachoka kusimama. Mtu akikamua shuka na kila anayefua, lini atapata muda wa kupanga mambo yake?

Ijumaa, tarehe 7

Nimepiga moyo konde. Nimeamua kutengeneza kila kitu cha kila mtu, kwa siku moja, bure.

Asubuhi nimeikusanya mashine ya kinyozi. Ilikuwa vipande vipande, springi yake moja nilishaitia kwenye redio ya mtu. Nikaweka nyingine inayofanana. Nikampelekea mbio. Kinyozi akafurahi, kweli, akaniita ndugu yangu. Akaiwasha juu ya kichwa cha mteja. Mashine ikaruka mkononi, ikakata njia moja nyoofu kutoka paji la uso hadi kisogoni, kisha ikatoa cheche, na umeme wa nyumba nzima ukazimika.

Nyumba nzima! Mshona nguo alikuwa katikati ya pindo. Bibi alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo. Wakatoka wote koridoni wakitaja jina langu na mambo mengine.

Aliyerudisha umeme ni Mzee Samahani. Kapanda juu ya kiti, akapekua kisanduku cha fyuzi. Akashuka, akaniomba samahani kwa kuingilia kazi yangu. Anajifanya! Hakuna mtu mwema hivyo bila sababu.

Jumamosi, tarehe 8

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Koridoni walijaa. Mama mwenye nyumba alikalia kiti, miwani puani. Akaanza na Waingereza. Akasimama bibi. Akasimama mshona nguo. Akasimama kinyozi, pamoja na goti lake. Watatu wametimia, mama mwenye nyumba akasema inatosha. Lakini wapi! Akasimama na wa nne.

Mama mkwe wangu.

Nimemlisha, nimemvumilia, nimemtolea soksi ndani ya feni. Akasema mbele za watu kwamba tangu wageni hawa waje, kuna mtu anayemuuliza kaamkaje na kusubiri ajibu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilitaka kusema mimi pia huwa namuuliza. Nikajaribu kukumbuka lini.

Ikafika zamu yangu. Nani anamdhamini fundi? Hakusimama mtu. Kinyozi akatazama kucha zake. Nikasikia hadi feni ya bibi ikipulizia ukuta.

Ndipo Mzee Samahani akanyoosha mkono. Kasema siku waliyohamia mimi ndiye niliyewabebea godoro hadi koridoni, bila kuombwa. Ni kweli. Nilidhani ni langu, nilikuwa nimeagiza. Mama Kofia naye akasimama akasema hivyo hivyo. Hao wawili. Nikatazama huku na huku nikitafuta wa tatu. Mama mwenye nyumba akasema wawili si watatu, na kanuni ni yangu mwenyewe. Vyumba ni vya Waingereza.

Mama watoto akageuka. Karudi ndani, akaanza kukunja nguo za watoto na kuzipanga kitandani. Nimeogopa. Naandika ukweli, nimeogopa sana.

Jumapili, tarehe 9

Mlango umegongwa. Mzee Samahani, kofia ya mkewe ikionekana nyuma ya bega lake.

Kaanza kwa samahani tatu. Kisha akaeleza kwamba usiku hawakulala. Wao ni wazee wawili wenye kitanda kimoja, na sisi tuko watano. Wamefikiri, wameona si sawa. Wanabaki kwenye chumba chao, vyumba vya juu tuchukue sisi. Ameshamweleza mama mwenye nyumba, na yeye amekubali.

Mama watoto akashika kifua. Mabinti wakaanza kuruka. Mama mkwe akamwombea mzee wa watu dua ndefu.

Mimi nikafikiri haraka. Hapa nakaa chonjo! Tangu lini mtu akashinda vyumba vitatu na roshani, halafu akavigawa? Kuna kitu. Paa linavuja. Au kuna deni la maji. Au ukuta unataka kuanguka, na mpeleka barua, aliyezoea kupita nyumba za watu, kauona. Hawa hawakutoka kwao kote kule ili waje kunifurahisha mimi. Nikamshukuru kwa adabu, nikakataa kwa niaba ya familia.

Mama watoto akanitazama. Kisha akamgeukia Mzee Samahani akasema asante sana, baba, tunahamia kesho.

Jumanne, tarehe 11

Familia imehama jana. Jengo zima limebeba: kinyozi kabeba kitanda, mshona nguo kabeba masufuria, bibi kabeba mto mmoja na kupumzika mara nyingi. Mama watoto ameniambia mlango wa juu uko wazi kwangu. Sharti moja tu: nimwambie Mzee Samahani asante, kwa mdomo wangu mwenyewe, na ya kweli.

Eti asante! Hivyo ndivyo mtu anavyoingizwa mkenge. Unaanza na asante, unaishia kukamua mashuka ya watu. Nimebaki hapa chini. Kuna nafasi nzuri. Nimeirefusha meza hadi kilipokuwa kitanda cha mama mkwe, na bado kuna nafasi.

Juu mabinti wanakimbia. Mtu anafungua bomba, anafunga, anafungua tena, kwa raha tu. Paa halijavuja hadi sasa, lakini mvua bado.

Mchana kagonga Mzee Samahani. Mama watoto alimpa sahani ya chakula aniletee. Akaomba samahani kwamba kimepoa njiani, ngazi zinamchelewesha. Nikafunga mlango. Nikafungua, nikachukua sahani. Kuna neno lilinijia mdomoni, lakini nikaliteremsha na tonge.

Lakini wasifikiri nimekaa bure. Nimeshapata njia ya kupanda juu bila kumshukuru mtu. Kesho nakwenda kwa mama mwenye nyumba na kanuni mpya: vyumba vya juu vikaliwe na familia yenye mwanamume wa kutegemewa, na majirani wamchague wenyewe, kwa kunyoosha mikono, mbele ya watu wote.