Boksi la Kilo Mbili na Robo Tatu

Duka la Stesheneri,
Majengo, Mpanda.
Jumamosi, baada ya chai.

Kwa Dada Scolastica,
Kawajense.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BINTI YAKO QUEEN KWA KUIDHARAU PAWA SAPLAI YANGU

Ndugu Dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua tunakaa mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli, na jana tu umenitumia kisamvu, lakini mambo mengine yanataka maandishi. Naandika kwa mkono kwa sababu kompyuta ya duka imepumzika tangu Alhamisi. Hilo nitalieleza kwenye kipengele cha tatu, tafadhali usiruke.

Kama unavyojua, mwaka huu niliamua duka liwe na kompyuta ya mezani ya kuunganisha wenyewe. Kazi nikamkabidhi mpwa wangu Queen, kwa kuwa yeye alisomea kompyuta chuoni na mimi nilisomea mpunga kazini. Aliagiza vifaa, vikaja kwa basi, akaviunganisha vizuri mno, nami nikamsifu mbele za wateja. Ugomvi wetu ni wa kifaa kimoja tu: pawa saplai, lile boksi la bati lenye feni, linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake humo ndani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Queen amedharau mizani. Nimekuwa karani wa mizani kwenye mashine ya mpunga Kakese kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mkulima aliyewahi kunipitishia gunia la uongo. Nilikuwa na bambo langu, kile chuma cha kutobolea, na kila gunia lilichomwa kabla halijapanda mizani. Nimekuta mchanga, nimekuta mawe, na kwa Gideon nilikuta jembe zima. Nikamrudisha nyumbani mbele ya foleni yote, na mpaka leo akiniona anavuka barabara. Sasa boksi aliloagiza Queen lina kilo moja na nusu. Mimi nikanunua la kwangu kwa Manyanda, yule mfanyabiashara wa mnadani: kilo mbili na robo tatu, na bei ndogo kuliko lile! Nikayapima yote mawili Queen akiwa anaangalia. Akacheka. Dada, alicheka mbele ya mizani.

2. Queen hajui hesabu. Boksi lake limeandikwa wati mia nne hamsini. Langu limeandikwa elfu moja. Nikamuuliza ipi kubwa, akanijibu, "Mjomba, hiyo ni karatasi tu, mtu kabandika." Kama karatasi ni karatasi tu, cheti chake cha chuo tukifanyeje? Akaanza kunieleza kwamba umeme ukiyumba boksi zuri linautuliza, na boksi feki linaupitisha ulivyo mpaka linaua kila kifaa. Nikamfahamisha kwa upole kwamba umeme ni ule ule, unatoka kwenye nguzo moja pale kona, na haujui umepita kwenye boksi la nani. Alikataa kulifunga. Nikalifunga mwenyewe siku aliyokwenda mazoezi ya kwaya, na skrubu mbili zikabaki, jambo linaloonyesha kwamba boksi langu halina makuu.

3. Queen analisingizia boksi. Ni kweli kompyuta ilianza kujizima. Mara ya kwanza tulikuwa tunamchapia Deusdedit kadi za harusi. Queen akasema ni boksi. Mimi nasema ilikuwa inapumzika. Hata mimi nikifanya kazi tangu asubuhi napumzika, na hakuna aliyewahi kusema nimefungwa kifaa kibovu. Deusdedit mwenyewe aliutumia muda ule kufikiri upya, akapunguza wajumbe wa kamati. Mara ya tano ilitoa harufu ya mahindi yanayoungua. Queen akakimbilia kuchomoa waya. Mimi nilisikia njaa tu. Kuhusu bati la kompyuta kutekenya mtu akiligusa, naomba iandikwe kwamba mzee Fabiani amepata nafuu ya kiwiko. Alikuwa anakuja kila asubuhi, anasalimia, anagusa, anaruka kidogo, anashukuru, anaondoka. Tangu Alhamisi kompyuta haiwaki kabisa, na mzee Fabiani analalamika kuliko mimi.

4. Queen ameondoka. Alhamisi hiyo hiyo, wateja wakiwa watatu, aliweka bisibisi juu ya kaunta akasema, "Mjomba, chagua. Mimi au hilo boksi." Mbele za watu! Mwanaume aliyepima mpunga wa kata nzima angejibu nini? Nikasema boksi. Akachukua kikombe chake cha chai akaenda. Jana nimemwandikia mama mmoja barua ya kuomba kazi kwa mkono, nikakosea jina lake mara mbili, na hapakuwa na wa kunicheka. Inaniuma, Dada. Nakuambia ukweli, inaniuma.

Kwa hiyo naomba kikao cha ukoo kiitwe Jumapili ijayo baada ya misa. Boksi langu lipimwe mbele ya wote, na Queen aliombe msamaha akiwa amesimama. Chuo chake kiandikiwe barua, kiongeze somo la mizani, mwaka wa kwanza. Nguzo ya pale kona iitwe kama shahidi, au fundi wake. Baada ya hapo Queen awe kazini Jumatatu saa mbili kamili, yeye pamoja na kikombe.

Nisalimie shemeji Danford, mwambie namkumbuka kwenye sala. Msalimie Katarina na watoto, yule mama wa genge jirani yenu, na wanakwaya wote isipokuwa waliomfundisha Queen kiburi. Kuku wako mwekundu aliyekuwa anaumwa natumaini ameamka.

Wako kwa damu na kwa haki,
Maximilian,
Karani wa Mizani (Mstaafu).

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika nilitaka barua iende na ushahidi. Nikachukua bisibisi ya Queen, nikalifungua boksi ili nikueleze shaba nzito iliyomo. Mna feni, mna waya chache, na mna donge la saruji lililogandishwa kwa gundi. Lina alama ya dole gumba. Mtu alilibonyeza kabla halijakauka. Nimelipima, kilo mbili kasoro robo. Miaka ishirini na sita nachoma magunia ya watu, Dada, na la kwangu sikulichoma.

Kikao cha ukoo kisiitwe. Boksi la Queen lipo rafuni ndani ya katoni yake, sikuwahi kulirudisha kwa muuzaji. Aje alifunge, skrubu mbili ninazo. Vifaa vingine sijui kama ni vizima, maana alinionya, na kama vimekufa nitakaa kwenye kiti anicheke mpaka achoke. Mzee Fabiani nitamweleza taratibu. Saruji nimeiweka mlangoni, inazuia mlango usijifunge, na kazi hiyo inaiweza.

Asisubiri Jumatatu, aje leo. Queen mwambie yote. Gideon wa Kakese asiambiwe neno.